Namna ya Kuinua Usomaji katika Shule Zote za Sudivizioni Moja: Mwongozo kutoka Lubumbashi

Mwongozo huu ninawaandikia wakuu wa sudivizioni (ofisi za elimu zinazosimamia shule za eneo moja), wakaguzi wa shule za msingi, washauri wa elimu walio katika kordinasioni za makanisa, yaani ofisi zinazosimamia shule za makanisa, na wakurugenzi wa shule ambao wanaumia kuona watoto wakifika mwaka wa nne bila kuweza kusoma mstari mmoja peke yao. Nimeifanya kazi hii katika komuni za Katuba, Kenya na Annexe, hapa Lubumbashi, kwanza nikiwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, baadaye nikiwa mshauri anayezunguka shule kwa shule. Jambo ninaloliweka mbele ya mengine yote ni kwamba usomaji katika eneo zima haubadiliki mpaka kila mtu mzima mwenye madaraka juu ya shule, kuanzia mwalimu hadi mkuu wa sudivizioni, awe na mazoea ya kukaa na mtoto mmoja mmoja na kumsikiliza akisoma kwa sauti. Vitabu, semina na ripoti vina nafasi yake, lakini vikitangulia kabla ya kusikiliza, fedha hupotea na watoto hubaki walipokuwa.

Ukubwa wa shida unajulikana. Benki ya Dunia imekadiria kwamba katika nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa matini fupi inayowafaa. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali yalipofanywa kuwa ya bure, watoto wengi waliokuwa nyumbani walikuja shuleni, na hilo ni jambo jema kabisa, lakini madarasa yaliyokuwa na watoto 50 yalijikuta na 80 au zaidi huku ubao ukiwa ni ule ule na mwalimu akiwa ni yule yule. Kwa upande mwingine tunayo sheria inayotusaidia. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, kuwa lugha za kufundishia na pia kuwa somo lenyewe. Mtoto wa Lubumbashi ana haki ya kuanza kusoma katika lugha anayoielewa, na mkurugenzi anayempa haki hiyo hahitaji kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Kusikiliza kabla ya kupanga

Siku moja niliingia katika darasa la mwaka wa pili wakati wa somo la kusoma. Mwalimu aligonga ubao kwa fimbo yake, na watoto wote, zaidi ya 70, wakasoma ukurasa mzima kwa pamoja, sauti zikipanda na kushuka kama wimbo. Ilipendeza kusikia. Nikamwomba mtoto mmoja wa benchi la mbele anisomee ukurasa ule ule, naye akaanza bila kusita. Alipofika katikati nikaufunika mstari uliofuata kwa kiganja changu, naye akaendelea kusoma hadi mwisho, macho yake yakiwa yamenitazama usoni. Nilipomfungulia ukurasa mwingine, wenye maneno rahisi kuliko yale ya kwanza, hakuweza kutamka hata neno moja. Mwalimu wake alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa mwalimu mwenye bidii, na kwa miezi sita aliamini kwa moyo safi kwamba darasa lake linasoma.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya sudivizioni, katika wiki za mwanzo baada ya masomo kufunguliwa Septemba, iwe ni kupima usomaji kwa njia ya mdomo, mtoto mmoja mmoja. Si lazima kumpima kila mtoto wa eneo zima. Tuseme sudivizioni ina shule 45: chagueni shule 12 kwa kura, mkichanganya za serikali, za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kimbangu na za Kiislamu, zilizo karibu na barabara kuu na zile za pembezoni ambako pikipiki inakwama mvua zinapoanza. Katika kila shule chukueni watoto 10 wa mwaka wa pili na 10 wa mwaka wa nne, nao pia kwa kura kutoka katika rejista. Msimwachie mwalimu awachague, kwa maana atawaleta wanaomletea sifa, na hata mimi ningefanya hivyo.

Chombo cha kupimia ni karatasi moja. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, kinachojulikana kwa kifupi kama EGRA, kina sehemu za herufi, maneno na kisa kifupi, na sehemu nyingi hupewa sekunde 60. Mnaweza kuandaa chenu kilicho chepesi zaidi: herufi 20 zilizochanganywa, silabi 10, maneno 10, na kisa kimoja. Kisa kisitoke katika kitabu ambacho watoto wamekwisha kukikariri. Nilikuwa natumia kisa kama hiki (sombe ni majani ya muhogo):

Ilunga ana mbuzi mweusi. Leo asubuhi mbuzi alikula sombe ya mama. Mama alikuwa anataka kuipika. Ilunga akakimbia sokoni, akarudi na sombe nyingine. Mama akacheka, kisha akamfunga mbuzi kwenye mti.

Maswali yake ni manne. Nani ana mbuzi? Mbuzi alikula nini? Ilunga alikwenda wapi? Na la mwisho, ambalo ndilo lenye uzito: kwa nini mama alimfunga mbuzi? Jibu lake halimo katika mstari wowote, ni lazima mtoto alitoe kichwani mwake. Mtoto anayejibu matatu ya kwanza na kukwama kwenye la nne anasoma maneno lakini bado hajafika kwenye maana, na darasa lake linahitaji kazi tofauti na lile ambalo watoto hawazijui herufi.

Mtoto asikilizwe mahali palipotulia, chini ya mwembe au mwisho wa baraza, na anayempima akae kwenye benchi la urefu ule ule. Akisimama hata kwa dakika moja tu mbele ya mtoto aliyeketi, tayari atakuwa amemtisha. Asirekebishe makosa, asikunje uso, na mtoto akishindwa herufi zote za mistari miwili ya kwanza, amshukuru na kumruhusu aende zake. Tena ninawaonya msichukue viwango vya maneno kwa dakika kutoka lugha nyingine na kuvibandika juu ya watoto wetu. Neno moja la Kiswahili kama «hawajatupatia» linabeba sentensi nzima ya Kifaransa, kwa hiyo hesabu ya maneno kwa dakika lazima iwe ndogo zaidi. Linganisheni matokeo ya Septemba na yale ya Juni ya watoto wenu wenyewe.

Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha kitabu

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu miongozo mingi inayotujia kutoka mbali hupita jambo hili bila kuliona.

Kiswahili kina bahati kubwa kwa msomaji anayeanza. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti moja, silabi karibu zote huishia na irabu, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Mtoto akishazimiliki silabi, anaweza kusoma neno lolote, hata ambalo hajawahi kulisikia. Lakini Kiswahili kilichomo kitabuni si kile kile ambacho mtoto wa Katuba au Ruashi amekisikia nyumbani. Nyumbani anasema «mutoto», «mukono», «muti», na kitabu kinamwandikia «mtoto», «mkono», «mti». Nyumbani ni «balabala», kitabuni ni «barabara». Nyumbani ni «niko nasoma», kitabuni ni «ninasoma». Herufi za «dh» na «th» hazina sauti yake vinywani mwetu, tunasema «zambi» mahali pa «dhambi», na «h» ya mwanzo mara nyingi tunaiacha.

Nilimwona msichana mmoja mbele ya neno «mtoto». Alijua vizuri «to», alijua «m», lakini alikuwa amefundishwa kwamba kila herufi ya konsonanti inangoja irabu yake, kwa hiyo alisimama kwenye ile «m» akaitafuta irabu ambayo haipo. Akasema «ma... me...», akatazama juu, akarudi. Kisha, baada ya kuitazama picha, uso wake ukafunguka: «Madamu, ni mutoto!» Mwalimu akamwambia amekosea, arudie. Yule msichana akaketi na hakunyoosha tena mkono siku ile.

Hakuwa amekosea. Alikuwa amefanya kazi ngumu kuliko zote katika kusoma, yaani kuunganisha alama zilizoandikwa na neno analolijua. Mwalimu aliyeandaliwa angemjibu: «Ndiyo, mwanangu, ni mutoto. Kitabuni tunaliandika hivi, m-toto, na hii m inasimama peke yake bila irabu. Hebu tuisome pamoja.» Sudivizioni inayotaka kuinua usomaji iwafundishe walimu wote jibu la namna hiyo. Isiwaruhusu kuidharau lugha ya nyumbani, na isiwaruhusu pia kuacha kufundisha maandishi sanifu, kwa kuwa ndiyo yatakayomfungulia mtoto vitabu vya Bukavu, Kigoma, Nairobi na Zanzibar.

Kwa vitendo, wakaguzi wakae na walimu wanne au watano wenye uzoefu na kuandaa ukurasa mmoja unaoorodhesha tofauti hizo, upande mmoja tunavyosema, upande wa pili tunavyoandika, kisha nakala iwekwe katika kila darasa la mwaka wa kwanza na wa pili. Waongeze na maneno ambayo maana yake inabadilika. «Bibi» katika vitabu vingi vya pwani ni mama wa mama au wa baba, lakini kwetu bibi ni mke, na huyo mzee tunamwita nkambo. Mtoto anayesoma kwamba Juma alikwenda kumsalimu bibi yake atakielewa kisa kwa namna ya ajabu kabisa ikiwa hakuna aliyemweleza kabla.

Vilevile mpangilio wa herufi uwe wa makusudi. Msianze na a, b, ch, d kwa kufuata mfuatano wa alfabeti. Anzeni na irabu tano, kisha m, t na k, kwa sababu kwa herufi hizo nane tu mtoto anaweza kusoma mama, tata (yaani baba), kuku, kiti, moto, mate, kata na toka, na ndani ya mwezi mmoja anakwenda nyumbani akiwa na maneno ya kweli mkononi. Maneno yenye «m» inayosimama peke yake yangoje mpaka silabi za kawaida zimekaa, halafu yafundishwe kwa pamoja kama somo la pekee. «Ng'», «ny», «mbw» na «ndw» ziwe za mwisho.

Somo la kila siku

Kusoma kufundishwe kila siku, bila kukosa, katika vipindi viwili vya nusu saa, na kusoma kuwe ndilo somo la kwanza la asubuhi, au la kwanza la mchana kwa shule zenye zamu mbili. Somo lenyewe lina mfuatano ambao mwalimu akiuzoea hauhitaji maandalizi marefu. Linaanza masikioni: «Nipeni maneno yanayoanza kama moto.» Watoto wanajibu maji, meza, mama. Ndipo herufi inaandikwa ubaoni, watoto wanaichora hewani na kwenye vumbi, wanaiunganisha na irabu zote tano, wanasoma silabi, wanasoma maneno, wanasoma sentensi moja au mbili. Mwisho ni imla ya maneno matatu, kwa maana mtoto asiyeweza kuliandika neno bado hajalimiliki. Mwalimu anasoma kwanza peke yake, kisha pamoja na darasa, kisha mtoto anasoma bila msaada, na hatua hii ya tatu ndiyo inayorukwa katika madarasa mengi.

Walimu huniambia kwamba kwa watoto 80 hilo haliwezekani. Linawezekana kwa hesabu ndogo. Wakati wengine wanaandika kwenye daftari, mwalimu awaite watoto watano mezani pake, kila mmoja asome mistari miwili, na yeye aweke alama katika karatasi yenye majina. Watoto watano kwa siku ni siku 16 za masomo kulimaliza darasa la watoto 80, yaani wiki tatu na siku moja, kisha anaanza upya. Hao wengine wasome wawili wawili, kidole chini ya neno, mmoja akisoma na mwenzake akifuata. Kutakuwa na kelele. Mkurugenzi anayepita nje asiidhanie kuwa ni fujo.

Mara mbili au tatu kwa wiki mwalimu awasomee watoto kisa kirefu kuliko wanachoweza kusoma wenyewe, au awasimulie ngano, akisimama katikati kuuliza «mnafikiri atafanya nini?» Huko ndiko msamiati na ufahamu vinakotoka, na hakugharimu chochote.

Nani anapewa mwaka wa kwanza

Katika shule nyingi za mji wetu mwalimu hodari kuliko wote anapewa mwaka wa sita, kwa sababu mwisho wake kuna mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ENAFEP, uliokuwa ukiitwa TENAFEP, na jina la shule linapimwa huko. Mwaka wa kwanza anapewa mwalimu mgeni, mara nyingi kijana ambaye bado hajaingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali, wale tunaowaita N.U. Ninaamini kwamba desturi hii peke yake inatuharibia watoto kuliko upungufu wa vitabu. Mkuu wa sudivizioni anaweza kuibadilisha kwa barua moja, inayotaka kila mkurugenzi aeleze kwa maandishi ni nani aliyempa mwaka wa kwanza na wa pili na kwa sababu gani, na inayokataza kumhamisha mwalimu wa madarasa hayo katikati ya mwaka bila kibali. Na mwalimu asiyelipwa asidaiwe semina za Jumamosi bila nauli. Mikutano ya kujifunza ifanyike ndani ya saa za kazi.

Nasema mikutano, si semina kubwa. Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya siku tatu juu ya usomaji katika ukumbi wenye viti vizuri, ambamo hapakuletwa mtoto hata mmoja. Tulipewa kalamu na faili, tukasaini, na mwezi uliofuata nilipozunguka madarasani sikuona badiliko lolote. Kinachobadilisha mwalimu ni kumwona mwenzake akifundisha somo hilo hilo mbele ya watoto wa kweli, kisha kulijaribu yeye mwenyewe wiki ile ile, kisha mtu kuja kumtazama. Kusanyeni shule tano au sita zilizo jirani, mara moja kwa mwezi, katika darasa la mmoja wao. Somo la nusu saa, mazungumzo ya saa moja, na kila mwalimu aondoke na jambo moja tu la kujaribu.

Ziara ya mkaguzi

Mkaguzi anapofika darasani mara nyingi huomba fishi, yaani karatasi ya maandalizi ya somo, na jurnali ya darasa, yaani daftari la masomo ya kila siku, anazipitia, anatia saini na kuondoka. Karatasi hizo zina faida yake, ila haziwezi kumwambia kama watoto wanasoma. Katika nchi ya Kenya, mpango wa kitaifa wa usomaji uitwao Tusome, ulioanza mwaka wa 2015, uliwapa maofisa wanaozunguka shule kazi ya kutazama somo hadi mwisho na kisha kuwasikiliza watoto watatu waliochaguliwa bila upendeleo. Hatuhitaji tableti walizopewa maofisa hao ili kufanya hivyo, daftari linatosha.

Ninapendekeza ziara ya saa moja na nusu. Mkaguzi aketi nyuma, atazame somo zima bila kulikatiza, kisha awaite watoto watano kwa kura na kuwasikiliza. Baadaye azungumze na mwalimu peke yao, mbali na masikio ya watoto, na mazungumzo yaanze na kile alichokiona kizuri. «Mama mwalimu, nimefurahi kwamba kila mtoto alikuwa na chaki na kibao. Hawa watano niliowasikiliza, watatu wanachanganya b na d. Tufanye nini kwa wiki hizi mbili?» Mwalimu anayeulizwa hivyo atajibu, kwa sababu anawajua watoto wake kuliko mgeni. Aliyekaripiwa atasema tu «ndiyo, tata mkaguzi» na mambo yatabaki yalivyo.

Wakikubaliana, waandike jambo hilo moja katika daftari linalobaki shuleni, na mkaguzi akirudi aanze kwa kulifungua. Kama sudivizioni ina wakaguzi watatu kwa shule 45, kila mmoja ana shule 15, na kwa ziara nne kwa wiki anazimaliza ndani ya mwezi mmoja, bila kuhesabu siku za mvua kubwa kati ya Novemba na Aprili. Bajeti ya kwanza ya kutafutwa kwa hiyo ni nauli na mafuta ya pikipiki ya wakaguzi, kabla ya mabango na fulana. Pale ambapo nauli haipatikani kabisa, mkurugenzi wa shule apewe kazi hiyo hiyo kwa madarasa yake, naye mkuu wa sudivizioni ajitahidi kusikiliza watoto katika shule mbili kila mwezi. Habari huenea haraka kwamba mkuu mwenyewe aliketi na watoto.

Matokeo ya kusikiliza huko yasitumike kumwadhibu mwalimu. Mara yatakapotumika hivyo, watoto wataanza kufichwa.

Vitabu

Mtoto mmoja, kitabu kimoja, aende nacho nyumbani. Nilikwisha kuona kabati katika ofisi ya mkurugenzi lililojaa vitabu vya kusomea vya Kiswahili, vipya, vikiwa bado na harufu ya wino, huku watoto wakinakili kutoka ubaoni upande wa pili wa ukuta. Alivifungia kwa hofu ya kuulizwa vikipotea. Hofu hiyo inaondolewa na sudivizioni yenyewe, kwa barua inayosema wazi kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakitadaiwa. Kila kitabu kiandikwe namba, kifunikwe kwa karatasi ya mfuko wa saruji au plastiki, na mzazi asaini. Palipo na upungufu, kitabu kimoja kwa watoto wawili wanaokaa mtaa mmoja, wakipokezana siku. Pasipo na kitabu kabisa, mwalimu na watoto watunge visa vifupi vyao, viandikwe kwenye karatasi kubwa na kutundikwa ukutani.

Wazazi waelezwe katika mkutano wa komiti ya wazazi kwamba wanaombwa dakika kumi za jioni, wakae na mtoto asome. Mzazi asiyejua kusoma pia anaweza, kwa kuwa anachohitaji ni kusikiliza na kuuliza kisa kilihusu nini. Nyumba nyingi za Lubumbashi zina Biblia au kitabu cha nyimbo cha Kiswahili, na mtoto wa mwaka wa tatu akiombwa asome mistari michache mbele ya jamaa, anajinyoosha.

Walioachwa nyuma, na mlango wa Kifaransa

Kipimo cha Septemba kitawaonyesha watoto wa mwaka wa tatu, wa nne na wa tano wasiozijua herufi. Hao hawataokolewa kwa kuendelea na kitabu cha mwaka wao. Njia iliyojaribiwa na shirika la Pratham la India ni kuwapanga kwa saa moja kila siku kwa kiwango badala ya mwaka: wa herufi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja, wa kisa pamoja, kila kundi na mwalimu wake. Katika shule yenye walimu wanne wa madarasa hayo, milango inafunguliwa saa tatu, watoto wanahama, na saa nne wanarudi. Kuweni waangalifu na aibu ya mtoto mkubwa anayekaa na wadogo. Makundi yapewe majina ya ndege au mito, na mtoto apandishwe kundi siku ile ile anapoweza, asingoje mwisho wa muhula.

Kifaransa kinawahangaisha wazazi, nao wana sababu, kwa kuwa masomo ya juu yanafanyika kwa lugha hiyo. Waelezwe kwamba kusoma kunajifunzwa mara moja tu, na kwamba anayesoma Kiswahili vizuri anavuka akiwa na mzigo mwepesi. Lakini daraja lijengwe kwa makusudi. Katika miaka ya mwanzo Kifaransa kiwe cha mdomo, nyimbo, salamu, majina ya vitu. Wakati wa kukisoma ukifika, mwalimu aonyeshe waziwazi kinachobadilika: kwamba «u» ya kuku si «u» ya lune, na kwamba sauti ya «u» yetu huko inaandikwa «ou»; kwamba «ch» ya chakula inakuwa kama «sh» katika chat; kwamba kuna herufi za mwisho zinazoandikwa na kunyamaziwa. Mtoto aliyezoea kwamba kila alama ina sauti yake ataumia asipoambiwa, na akiambiwa huzishika tofauti hizo upesi.

Mwezi Juni, kabla ya karatasi za matokeo kutolewa, wakaguzi warudi katika shule zile zile 12, na kisa kipya chenye urefu na ugumu ule ule, wachague watoto kwa kura tena, na wapime kwa utaratibu ule ule. Hesabu ya kutangazwa kwanza iwe ni watoto wangapi hawakuweza kusoma hata neno moja, Septemba na Juni, shule kwa shule. Wakurugenzi waitwe, wasomewe hesabu hiyo, na yule ambaye idadi yake imeshuka kuliko wengine aombwe kusimama na kueleza alifanya nini, na walimu wake wa mwaka wa kwanza wakae mstari wa mbele.